Kabla ya kununua kigunduzi cha dhahabu, ujue udongo na maji yako

KIFAA anachokipitisha bawabu kiunoni mwako kabla ya kukuruhusu kuingia katika duka kuu jijini Nairobi au Mombasa kina jamaa wengi. Yupo aliyekwenda jeshini kusaka mabomu yaliyotegwa ardhini. Yupo aliyeajiriwa katika viwanda vya chakula, akizuia vipande vya chuma visiingie katika pakiti ya unga. Na yupo anayeuzwa kwa bei inayoweza kummalizia mfugaji zizi zima la ng'ombe, kwa ahadi kwamba ataonyesha mahali palipo na dhahabu. Ni huyu wa mwisho tunayetaka kumchunguza leo.

Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa aunsi moja Oktoba 2025. Si ajabu, basi, kwamba katika sehemu zenye madini hayo humu nchini, kuanzia Migori na Kakamega hadi Pokot Magharibi, Turkana na Marsabit, wapo watu wanaojiuliza kama haingekuwa busara kuacha sururu na karai kwa muda na kununua mashine. Aghalabu swali linaloulizwa ni hili: mashine ipi iliyo bora? Swali hilo limewekwa mbele ya jingine ambalo lingepaswa kutangulia, nalo ni hili: dhahabu ya kwetu ina umbo gani, nayo imelala ndani ya nini? Anayelijibu la pili kwa usahihi huwa amekwisha kulijibu la kwanza kwa zaidi ya nusu. Asiyelijibu anaweza kununua mashine halisi, nzuri na ghali, akazunguka nayo mwaka mzima pasipo kupata hata punje, ilhali amesimama juu ya dhahabu.

Yafaa kwanza tuelewe kinachofanyika ndani ya kifaa chenyewe. Kile kisahani cha duara kilicho mwishoni mwa mpini kimefichwa nyaya zilizozungushwa mara nyingi, yaani koili. Umeme wa betri unapopita katika nyaya hizo, eneo la chini yake hujaa nguvu za sumaku zinazobadilika badilika. Metali yoyote iliyomo katika eneo hilo huamshiwa mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo nao huzaa sumaku yake hafifu. Koili huihisi sumaku hiyo ya pili, na mtumiaji husikia mlio. Ni hayo tu. Kifaa hakinusi dhahabu wala hakiijui kwa jina. Kinachokijua ni kwamba chini yake pana kitu kinachopitisha umeme, na pengine jinsi kitu hicho kinavyopitisha umeme huo kwa urahisi au kwa ugumu.

Udhaifu wa ujuzi huo ulidhihirika mapema mno. Julai 2, 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuipata ndani ya mwili wake. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, aliletwa na chombo chake cha kusikiliza metali. Chombo kilikuwa kimefanya kazi vizuri katika majaribio, lakini kando ya mgonjwa kikatoa sauti zisizoeleweka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba chemchemi za chuma katika godoro la Rais zilikivuruga. Garfield alifariki Septemba 19 mwaka huo. Mchimbaji wa leo naye ana godoro lake la chemchemi, nalo ni udongo anaoukanyaga.

Udongo wenye chuma

Ardhi ya sehemu nyingi zenye dhahabu ina wingi wa madini ya chuma. Ule wekundu wa udongo wa magharibi mwa Kenya ni kutu ya chuma iliyochanganyika na ardhi kwa maelfu ya miaka. Ule mchanga mweusi mzito unaobaki chini ya karai baada ya kupepeta ni chuma chenye usumaku. Kuna na mawe ambayo yakipitiwa na koili hulia kama kwamba yamemeza dhahabu, kumbe yana chuma kingi kuliko udongo unaoyazunguka. Wachimbaji wa Australia na Marekani huyaita "mawe moto", ijapokuwa ukiyashika ni baridi kama jiwe jingine lolote.

Hapa ndipo aina mbili kuu za vigunduzi zinapoachana njia.

Aina ya kwanza hutuma wimbi lisilokatika na kusikiliza papo hapo. Faida yake ni kwamba inaweza kulinganisha wimbi linalotoka na lile linalorudi, na kutokana na tofauti hiyo ikakisia kama kilicho chini ni msumari au ni kitu kisicho chuma. Ni nyepesi, hula betri kidogo, na bei yake ni nafuu ikilinganishwa na jamaa yake. Idadi ya mitetemo ya wimbi hilo kwa sekunde ndiyo siri ya uwezo wake. Mashine za kusaka sarafu hutumia mitetemo elfu chache tu kwa sekunde, kwa kuwa sarafu ni kubwa na hupitisha umeme kwa urahisi. Punje ya dhahabu ni ndogo, mkondo unaoamshwa ndani yake hufifia upesi, na kwa hivyo huhitaji mitetemo ya haraka zaidi. Garrett AT Gold hutumia takriban mitetemo 18,000 kwa sekunde. Minelab Gold Monster 1000 hutumia 45,000. Na Fisher Gold Bug 2, ambayo wazee wa kazi hii bado huisifu, hutumia 71,000. Muuzaji asiyeweza kukwambia tarakimu hii ya mashine anayokuuzia hapaswi kupokea pesa zako.

Lakini kadiri mitetemo inavyozidi ndivyo kifaa kinavyozidi kusumbuliwa na chuma cha udongo. Mtumiaji hulazimika kukisawazisha na ardhi kila mara: hukiinua na kukishusha juu ya mahali pasipo na metali hadi kelele zitulie, kisha ndipo anapoanza kutafuta. Mashine nyingi za siku hizi hujisawazisha zenyewe, jambo linalomfaa anayeanza. Hata hivyo, katika udongo uliokolea chuma, kusawazisha huko nako hufika kikomo. Kifaa hulia ovyo, mwenyewe hukipunguza makali ili apate utulivu, na kwa kukipunguza makali huwa amezitupa zile punje ndogo alizozifuata.

Aina ya pili hutuma umeme kwa mapigo mafupi, mamia au maelfu kwa sekunde. Baada ya kila pigo hunyamaza kidogo na kusikiliza. Sehemu kubwa ya mwitikio wa udongo wenye chuma hufifia mapema au kwa namna inayoweza kutabiriwa na kuondolewa, na kinachosalia ni sauti ya metali. Ndiyo maana mashine za mapigo hufika chini zaidi katika ardhi ngumu. Minelab GPX 6000, iliyoingia sokoni 2021, na Garrett Axiom, iliyofuata 2022, ni za ukoo huu.

Ubaya wa mashine za mapigo, ukiachilia mbali bei, ni kwamba nyingi hazina uwezo wa kutegemewa wa kutofautisha msumari na dhahabu. Kila mlio sharti uchimbwe. Katika bonde la mbali lisilokanyagwa na watu hilo si tatizo kubwa. Kando ya soko, shule au machimbo ya zamani ambako pametupwa waya, vizibo vya soda, vipande vya mabati na misumari kwa miongo kadhaa, ni adhabu. Hata kwa mashine ya kwanza yenye uwezo wa kuchagua, tahadhari inahitajika, kwa sababu punje ndogo ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini ya sigara hutoa jibu linalokaribiana sana. Anayekataa kuchimba takataka hukataa pia dhahabu. Nimesoma matangazo yanayodai kwamba kioo cha mashine fulani huandika neno "dhahabu" pale tu inapokuwa dhahabu. Neno hilo ni kisio lililovishwa sare.

Jingine linalotiwa chumvi ni kina. Ni kweli kwamba mnamo Septemba 1980, karibu na Kingower katika jimbo la Victoria, Australia, kigunduzi kilichobebwa kwa mkono kilifichua pande la dhahabu lenye uzani wa kilo 27 na ushei, lililopewa jina la Hand of Faith, ambalo hatimaye liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Kinachosahaulika katika simulizi hiyo ni kwamba pande hilo kubwa lilikuwa takriban sentimita 30 tu chini ya ardhi. Punje yenye ukubwa wa chembe ya mchele husikika ikiwa sentimita chache kutoka kwenye koili, na kipande cha ukubwa wa haragwe huenda kikasikika zaidi ya hapo. Anayeahidi mita tano kwa punje anauza ndoto. Koili kubwa hufika chini zaidi kwa vipande vikubwa, lakini huzipita punje ndogo. Koili ndogo huziona ndogo, huingia katikati ya mawe na mizizi, lakini haifiki mbali. Mwenye uwezo hununua zote mbili. Asiye nao na aanze na ndogo, kwa kuwa katika maumbile vipande vidogo ni vingi kuliko vikubwa mara nyingi mno.

Dhahabu isiyosikika

Tukirudi nyumbani, kuna jambo ambalo laiti lingesemwa waziwazi kwa kila anayetaka kuuza ng'ombe. Dhahabu nyingi ya magharibi mwa Kenya, ile iliyowaleta Wazungu mbio Kakamega kuanzia 1931 na kufungua migodi kama Rosterman, imo ndani ya miamba. Imetawanyika katika mishipa ya mawe meupe yaitwayo kwatzi, mara nyingi kwa chembe zisizoonekana kwa macho. Ndiyo sababu wachimbaji huyavunja mawe hayo, huyasaga hadi yawe unga, kisha huuosha unga huo na kuinasa dhahabu kwa zebaki, kemikali ambayo madhara yake kwa afya ni makala nyingine.

Hebu tutazame tani moja ya mwamba yenye gramu 10 za dhahabu. Kwa mchimbaji huo ni mwamba wa kutajirisha. Kama gramu hizo 10 zingekuwa bonge moja, kigunduzi cha bei nafuu kingepiga kelele juu yake. Lakini zikiwa chembe mamilioni zilizotenganishwa na jiwe, kila chembe huamsha mkondo mdogo usioweza kusikika, na mikondo hiyo haijumuiki ikawa mmoja. Mashine ya dola 6,000 itapita juu ya mwamba huo kimya. Hali ni iyo hiyo kwa dhahabu ya vumbi iliyo katika mchanga wa mto: karai huikusanya, kigunduzi hakiihisi.

Je, kigunduzi hakina kazi yoyote Nyatike au Ikolomani? Kinayo, ila si ile inayotangazwa. Katika mishipa hiyo hiyo hutokea mifuko ambamo dhahabu imeganda kwa vipande vinavyoonekana, na mawe ya namna hiyo yaliyopasuliwa na kutupwa katika marundo ya kifusi yanaweza kufichuliwa na mashine nzuri. Vilevile miamba inapomomonyoka, vipande vizito hubaki juu ya mteremko au hujikusanya katika nyufa za mwamba chini ya mkondo wa maji. Mchimbaji anayejua mto wake huweza kuitumia mashine kukagua nyufa hizo.

Kaskazini mambo yanaweza kuwa tofauti. Katika ardhi kame ya Turkana na Marsabit, maji ya kuoshea mchanga ni haba, na mito mingi ni ya msimu. Pale ambapo dhahabu imo kwa vipande, badala ya vumbi, kigunduzi huwa na faida ambayo karai halina: hakihitaji tone la maji. Jirani yetu Sudan amekwisha kulishuhudia hilo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watu waliingia jangwani wakiwa na vigunduzi mabegani, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa dhahabu barani Afrika.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Waulize wanaochimba mahali unapokusudia kwenda wakuonyeshe dhahabu yao kabla haijayeyushwa. Kama wote wanakuonyesha unga, weka pesa zako. Kama mmoja katika kumi ana vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole viwili, hapo pana sababu ya kuendelea na mazungumzo.

Chini ya maji

Anayetaka kutafuta majini hukutana na mtego wa kwanza katika neno moja la tangazo: kwamba mashine "haiingii maji". Ni sehemu ipi isiyoingia maji? Kwa mashine nyingi ni koili pekee. Unaweza kuitumbukiza kwenye kijito, lakini kisanduku chenye kioo na betri kikilowa, imekwisha. Gold Monster ni ya namna hiyo. Nyingine, kama AT Gold na Minelab Equinox 800, zinaweza kuzama zima zima hadi takriban mita tatu, kina kinachomtosha anayesimama mtoni au kuinamia ufukwe. Za wapiga mbizi ni jamii nyingine kabisa. Garrett Sea Hunter Mark II, kwa mfano, imeundwa kuhimili takriban mita 60. Usisahau vipokea sauti vya masikioni. Mara nyingi mashine huja na vya nchi kavu, na vile vya majini huuzwa kando.

Mtego wa pili ni chumvi. Maji baridi, kama ya Ziwa Viktoria au ya mto Kuja, hayaisumbui mashine. Kwa kigunduzi, maji hayo ni kama hewa nzito. Maji ya bahari hupitisha umeme. Koili inapoingia ndani yake, bahari nzima hujibu, nalo jibu lake hufanana kwa bahati mbaya na jibu la punje ndogo ya dhahabu. Zile mashine za mitetemo mingi tulizozisifu kwa punje za nchi kavu ndizo zinazochanganyikiwa zaidi baharini. Mtu aliyeinunua Gold Bug 2 kwa ajili ya Pokot kisha akaileta ufuo wa Nyali atadhani ameuziwa kibovu, kumbe ameipeleka kazini asikoajiriwa.

Kwa bahari kuna njia mbili zinazokubalika. Moja ni mashine za mapigo zilizotengenezwa kwa ajili ya maji, ambazo hungoja mwitikio wa chumvi ufifie kabla ya kusikiliza. Nyingine ni zile zinazotuma mitetemo ya namna nyingi kwa pamoja na kulinganisha majibu, hivyo zikaweza kuitoa chumvi katika hesabu. Minelab Excalibur, na baadaye Equinox, zimejengewa jina kwa mbinu hiyo. Zote mbili hulipia utulivu huo kwa kupoteza baadhi ya vitu vidogo.

Na baharini dhahabu inayotafutwa kwa kawaida si ya Mungu, ni ya sonara: pete zilizoponyoka vidoleni, vipuli, mikufu. Umbo hapa lina neno kubwa. Pete ni duara lisilokatika, mkondo huzunguka ndani yake bila kizuizi, na hata pete nyembamba husikika vizuri. Mkufu unaweza kuwa na dhahabu mara tatu ya pete hiyo na usisikike, kwa kuwa kila kijiduara chake husimama peke yake na kinachogusana na mwenzake kwa nukta tu. Mara nyingi kinachosikika ni ile kofuli ya kufungia. Anayetafuta mkufu wa bibi harusi uliozama apunguze mwendo, na apunguze pia matumaini.

Waganga wa vijiti

Tumezungumza mpaka sasa juu ya mashine za kweli. Soko lina na za uongo, nazo ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni uigaji. Mashine za Minelab zilipopendwa Sudan na kwingineko Afrika, nakala bandia zilifuata upesi, zikiwa na rangi, nembo na masanduku yale yale. Kampuni ya Codan ya Australia, inayomiliki Minelab, ilieleza hadharani 2015 kwamba kompyuta yake ilidukuliwa na michoro ya mashine zake kuibwa, na kwamba ililazimika kupunguza bei kukabiliana na bandia hizo. Nakala hizo hulia, ndiyo, na hilo ndilo linalomdanganya mnunuzi dukani. Tofauti huonekana katika ardhi ngumu, ambako hazitulii, na siku ya matengenezo, ambako hakuna wa kuzitengeneza. Mashine halisi huwa na namba ya usajili. Mnunuzi aiulizie kwa kampuni au wakala wake anayetambulika kabla ya kulipa.

Namna ya pili ni mbaya zaidi. Ni vile vifaa vyenye antena moja au mbili zinazoning'inia kwenye mpini, ambavyo muuzaji hudai vinaelekea vyenyewe upande wa dhahabu kutoka umbali wa mita mia au hata kilomita. Hakuna kanuni ya fizikia inayoviunga mkono. Antena huyumba kwa sababu mkono huyumba, na mkono huyumba kwa sababu moyo unataka. Biashara ya vijiti vya aina hiyo imekwisha kufikishwa kortini. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq, miongoni mwa nchi nyingine, vifaa vya ADE 651 akidai vinatambua mabomu. Uchunguzi ulionyesha kuwa havikuwa na chochote ndani chenye uwezo huo, na kwamba asili yake ilikuwa kidude cha mchezo cha kutafutia mipira ya gofu. Mei 2013 mahakama mjini London ilimfunga miaka kumi. Ikiwa serikali iliweza kulipa mamilioni kwa kijiti, tusimcheke mwanakijiji anayeuziwa kijiti hicho hicho kwa jina la dhahabu. Tumuonye.

Kumuonya ni rahisi, maana jaribio lipo. Chukua chubwi la mvuvi, yaani kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi, ukikate vipande vidogo vya ukubwa tofauti tofauti. Risasi huijibu mashine kwa namna inayokaribiana na dhahabu, na haigharimu kitu. Bila muuzaji kuona, fukia vipande hivyo katika udongo wa mahali utakapofanyia kazi. Udongo wa bustani ya dukani hautoshi. Kimoja kifukie sentimita tano, kingine kumi, kingine ishirini, na pengine pasifukiwe chochote. Kisha mwambie aonyeshe. Kijiti chenye antena hakitavuka mtihani huo. Mashine halisi itavipata baadhi na kuvikosa vingine, na hivyo ilivyovikosa vitakueleza ukweli kuliko kijitabu cha maelezo. Kwa anayekwenda baharini, jaribio lifanywe kwa pete, na lifanyiwe ndani ya maji ya chumvi. Muuzaji anayekataa jaribio amekwisha kulijibu.

Kuhusu pesa, hesabu si ngumu. Mashine nzuri za wimbi mfululizo hupatikana ng'ambo kwa takriban dola 1,000. GPX 6000 iliuzwa karibu dola 6,000 ilipotoka, kabla ya usafirishaji na ushuru. Aunsi moja inayopimiwa dhahabu ni gramu 31.1. Kwa dola 4,000 kwa aunsi, gramu moja ya dhahabu safi ni takriban dola 128. Hivyo mashine ya kwanza hujilipa kwa gramu nane, na ya pili kwa gramu 47, iwapo ungepata bei kamili ya dunia. Hakuna mchimbaji anayelipwa bei hiyo shimoni, kwa kuwa dhahabu yake haijasafishwa na mnunuzi wa kati ana tumbo lake. Ongeza basi robo au theluthi. Watu watano wa chama kimoja wakichanga mashine moja na kupokezana, hasara ikitokea haitamzamisha mmoja. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia pekee ya kununua mashine kubwa kwa mtu anayetegemea shamba.

Sheria nayo ina sehemu yake, na kununua mashine hakumpi mtu ruhusa ya kuchimba. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yote yaliyomo ardhini ni mali ya Jamhuri, yakishikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi, hata kama hatimiliki ya shamba ina jina lako. Mchimbaji mdogo huhitaji kibali kutoka afisi ya madini ya kaunti, kinachotolewa kwa Wakenya, na hawezi kuingia katika ardhi ya mtu binafsi pasipo idhini ya mwenyewe, wala katika ardhi ya jamii pasipo idhini ya wanajamii.

Pwani kuna sheria nyingine ambayo wenye vigunduzi husahau. Mbele ya Fort Jesus ilizama Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Wareno, mnamo 1697 wakati ngome hiyo ilipozingirwa, na wataalamu walianza kuifukua 1977. Vitu vilivyotolewa humo viko katika makavazi ya ngome hiyo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huhesabu kuwa kale kifaa chochote kilichoundwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Pete ya mtalii iliyopotea juzi hairuki mpaka huo, na mwenyewe akijulikana arudishiwe. Lakini sarafu iliyoliwa na chumvi, kitasa cha merikebu au kigae chenye maandishi kikitokea chini ya koili yako, kiache pale pale kilipo, weka alama mahali hapo, na uwapigie Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuchimba zaidi.